Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni: Habari za Kuku wa Kihamba na Maradhi Yaliyowajia



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu, wenzetu wamekwisha kuandika habari za hesabu, za mikopo na za uchaguzi. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za kuku. Huenda baadhi ya wasomaji wakatabasamu, kwani katika nchi hii ya Kilimanjaro historia huandikwa juu ya kahawa, juu ya ng'ombe na juu ya watu wakubwa. Kuku hutajwa pale tu anapochinjwa kwa ajili ya mgeni. Hata hivyo, ni wangapi kati yetu waliosomeshwa kwa mayai? Ni mama gani wa Majengo au wa Kiboriloni asiyejua ya kuwa fedha ya chumvi, ya sabuni na ya daftari ilitoka chini ya tetea? Basi twaandika bila ya haya, na kusudi letu ni kuonyesha jinsi maradhi ya kuku yalivyotujia, jinsi tulivyoyazoea vibaya, na jinsi mazoea hayo yalivyo hatari kubwa kuliko maradhi yenyewe siku mafua ya ndege yatakapobisha hodi.

NG'OMBE NDANI, KUKU NJE

Wazee wetu wa mlimani walikuwa hodari wa kufugia ndani. Kihamba ni kidogo, kimejaa migomba na mibuni, wala hapana nafasi ya malisho. Kwa sababu hiyo ng'ombe alifungwa, mara nyingi ndani ya nyumba ile ile waliyolala watu, na kina mama wakateremka tambarare kukata majani na kuyapandisha mlimani kwa kichwa. Ng'ombe alifuatwa na chakula chake. Kuku peke yake ndiye aliyeachwa ajitafutie. Asubuhi alifunguliwa mlango, akapekua chini ya migomba, akala mchwa na punje zilizoanguka, na jioni akarudi mwenyewe pasipo kuitwa. Hakugharimu senti, na kwa kuwa hakugharimu, hakuhesabiwa. Fedha ya kahawa ilikuwa mkononi mwa baba. Kuku walikuwa wa mama na watoto.

Twaomba wanachama walishike neno hili, maana ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Faida ya kuku wa kienyeji imo katika kutembea kwake. Ukimfunga pasipo kumlisha, umemwua kwa njaa kabla ya maradhi kufika. Ukimfunga na kumnunulia kila punje, faida ya mama imekwisha. Lakini kutembea huko huko ndiko kunakomkutanisha na mauti. Isale lilipandwa mpakani tangu enzi za mababu, na binadamu huliheshimu. Kuku hapiti akitazama isale. Hula kwa jirani wa juu, hunywa katika mfongo, hulala kwake. Hapa mjini Majengo, ambako nyua zimekaribiana, kuku wa nyumba moja ni kuku wa mtaa mzima. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kumlinda kuku wake peke yake, hata akiwa na bidii ya namna gani.

MDONDO NA MAZOEA MABAYA

Maradhi ambayo sisi twayaita mdondo, na wengine kideri, yalijulikana duniani mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza. Kwa Kiingereza yameitwa kwa jina la mji huo mpaka leo. Katika Afrika Mashariki yaliandikwa kwa mara ya kwanza Mombasa, mwaka 1935. Wakati huo Moshi ilikuwa tayari imeunganishwa na Mombasa kwa reli ipitayo Taveta na Voi, na watu na bidhaa zao walikuwa wakienda na kurudi. Tangu miaka hiyo mdondo umekuwa mwenyeji katika Afrika Mashariki nzima.

Kila mwanachama ayajua mambo yake. Kuku husinzia, mabawa hulegea, kinyesi huwa cha kijani, wengine shingo hupinda. Kundi lisilochanjwa laweza kwisha lote kwa siku chache. Mwaka unaofuata mama huanza upya na tetea mmoja aliyepewa na dada yake.

Nasi tulijifunza nini kutokana na msiba huo wa kila mwaka? Tulijifunza haraka. Mara tulipoona kuku mmoja amesinzia, tulikamata waliobaki, tukawatia katika tenga, tukawapeleka sokoni kabla hawajafa. Aliyekufa usiku alichinjwa alfajiri akiwa angali na joto. Mzoga usioliwa ulitupwa mfongoni. Hatuwasemi wengine, twajisema wenyewe, maana wengi wetu tunaoandika maneno haya tulifanya hivyo. Mnunuzi alimpandisha kuku yule hadi kihamba cha juu, na mzoga ukateremka na maji hadi kwa watu wa chini. Maradhi yakaenea juu na chini kwa mikono yetu. Kisha tulisema, "Ni upepo wa mwaka huu."

Jambo la ajabu ni kwamba watu hao hao walikuwa na sheria kali za mfongo. Mfongo haukuwa wa mtu mmoja. Wenye maji walitoka pamoja kuusafisha na kuutengeneza, na asiyefika kazini alitozwa. Walijua ya kuwa maji ya jirani wa juu ndiyo maji yangu. Lakini kuku, kwa kuwa hakuhesabiwa, hakuwekewa sheria.

FUNZO LA KAHAWA

Yafaa hapa tukumbuke habari nyingine ya mlimani. Mwafrika wa Kilimanjaro alipoanza kupanda kahawa, walowezi walimpinga, na mojawapo ya madai yao ilikuwa kwamba mkulima mdogo hatatunza mibuni yake, naye ataeneza magonjwa hata katika mashamba yao makubwa. Wakulima hawakujibu kwa maneno matupu. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wapandaji, na rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo. Mwaka 1933 kikafuata chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U. Mkulima mdogo alionyesha ya kuwa udogo si uchafu, maadamu wadogo wamefungana pamoja.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu dai lile lile husikika leo juu ya kuku wa kienyeji. Wako wasemao kwamba kuku atembeaye ndiye atakayeleta mafua ya ndege, na kwamba dawa ni kumwondoa kabisa. Sisi twasema: jibu ni lile lile la mwaka 1925.

CHUPA MOJA, KUKU WA WENGI

Kwa muda mrefu chanjo ya mdondo ilikuwapo, lakini haikuwa yetu. Ilihitaji baridi tangu kiwandani hadi kwa kuku, na ilitengenezwa kwa ajili ya mabanda makubwa. Mtu mwenye kuku kumi, asiye na jokofu, angefanya nini nayo? Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, wakiongozwa na Profesa Peter Spradbrow, walipotayarisha chanjo iitwayo I-2, iwezayo kustahimili joto kwa muda kuliko zile za kwanza. Mbegu yake waliitoa kwa nchi maskini ili zitengeneze zenyewe, na Tanzania ikaitengeneza katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam. Ndiyo hiyo tuijuayo kwa jina la TEMEVAC. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne, na kuku amepata kinga ya mdondo.

Lakini chupa moja hutosha kuku wengi kuliko walio nao mama mmoja, na ikisha kuchanganywa haifai kuwekwa siku nyingi. Basi chupa yenyewe ilitudai ushirika. Chama chetu kilipoanza, kazi yake ya kwanza haikuwa fedha. Ilikuwa kukubaliana siku moja ya chanjo, nyumba kwa nyumba, kuku wakikamatwa alfajiri kabla ya kufunguliwa. Wengine walikataa mwanzoni, wakasema kuku wao ni wazima, wa nini kutiwa dawa? Tuliwajibu kwamba chanjo hupewa aliye mzima; aliye mgonjwa amekwisha kuchelewa.

MAFUA YA NDEGE YAKARIBIA

Sasa twafika kwenye maradhi yanayoitia dunia hofu. Mwaka 1996 kirusi kikali cha mafua ya ndege kilipatikana katika bata bukini huko Guangdong, China. Mwaka 1997 kilitokea Hong Kong. Watu 18 waliugua, na 6 kati yao wakafa. Mwezi Februari 2006 kiliingia Afrika, katika jimbo la Kaduna nchini Naijeria. Nako hakikuonekana kwanza katika ua wa mama maskini, bali katika shamba kubwa la biashara. Mwaka huo huo kilifika Misri na Sudani. Katika miaka hiyo Serikali yetu ilikataza kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje.

Chama chetu kilikuwa bado kichanga mwaka 2017, mafua ya ndege yalipokaribia zaidi. Mwezi Januari ndege wa mwitu walionekana wamekufa ufukoni mwa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, Uganda, na bata na kuku wa kufugwa wakafa upande wa Masaka. Baadaye mwaka huo maradhi yalionekana pia katika Ituri, mashariki ya Kongo. Mwishoni mwa Oktoba, hapo Namanga, ambapo si mbali na kwetu, vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walichomwa moto kwa kuwa walivushwa mpaka pasipo kibali. Habari ile ilizungumzwa sana, na wengi waliona uchungu, nasi pia. Lakini ilitufundisha jambo moja: mbali ya ndege wa angani, liko boksi la vifaranga, tenga la sokoni, trei ya mayai na tope la kiatu. Hivyo vyote husafiri mwaka mzima.

Wazee walisema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Nasi tulikaa, tukajiuliza tutie maji gani.

KUKU ALIYECHANJWA NI MLINZI WA ZAMU

Hapa ndipo tulipoona uhusiano wa maradhi haya mawili. Chanjo ya mdondo haimkingi kuku na mafua ya ndege. Hilo lieleweke vizuri. Lakini kwa macho hata bwana mifugo hawezi kuyatenganisha kwa hakika. Yote mawili huua upesi, yote hulegeza, yote huharisha. Maabara ndiyo isemayo kweli. Basi mahali ambapo kuku hufa kwa mdondo kila mwaka, mafua ya ndege yakiingia, nani atashtuka? Watu watasema ni mdondo, watachinja, watauza, na kwa muda wa juma moja yamefika kila soko la mkoa.

Bali mahali ambapo kuku wote wamechanjwa na mdondo umenyamaza, kuku watano wakifa kwa usiku mmoja, mtaa mzima utaamka na kuuliza, "Hili ni jambo gani?" Kuku aliyechanjwa ni mlinzi wa zamu: kifo chake ni tarumbeta. Hii ndiyo faida ya chanjo ambayo hatukuitazamia, nasi twaiona kuwa kubwa kama ile ya kwanza.

JINSI YA KUMWACHA ATEMBEE

Huko Uingereza, tangu tarehe 7 Novemba 2022 hadi tarehe 18 Aprili 2023, wafugaji wote wa England waliamriwa kufungia kuku wao ndani, mwenye maelfu na mwenye watatu. Wenzetu wale wana mabanda na wana chakula cha kununua. Kwetu amri ya namna hiyo ikija ghafla, mama atatii kwa siku tatu, na siku ya nne atafungua mlango, maana kuku wanalia njaa. Kwa hiyo kamati yetu iliona ni bora kuwa na desturi ya hatua tatu, ambayo kila mtu aweza kuishika.

Hatua ya kwanza ni ya siku zote. Kuku na watembee, lakini walale bandani, na wapewe maji na pumba chini ya paa, mahali ambapo ndege wa mwitu hawafiki. Hatari ya mafua imo hasa katika kinyesi na katika maji. Jua na ukavu hukidhoofisha kirusi, ubaridi na unyevu hukihifadhi. Kuku anayepekua mahali pakavu chini ya migomba hana hatari sawa na anayekunywa dimbwini. Bata wasichanganywe na kuku, kwani bata aweza kubeba kirusi pasipo kuonyesha ugonjwa wo wote. Nchini Thailand, katika mlipuko wa mwaka 2004, ilionekana kwamba bata waliochungwa katika majaruba ya mpunga walikuwa njia kubwa ya kuenea kwa maradhi. Wenzetu wa Mabogini na Chekereni, wenye majaruba, na walio karibu na bwawa la Nyumba ya Mungu, wazingatie sana neno hili, zaidi katika miezi ya Septemba hadi Aprili, wakati ndege wa maji wahamao kutoka Ulaya na Asia wanapokuwa huku kwetu.

Katika hatua hii hii yaingia methali tuliyoiweka juu ya habari hizi: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wahenga walimfunga asipotee. Sisi twamfunga asiambukize. Kuku aliyenunuliwa, aliyetunzwa harusini, au aliyerudi sokoni bila ya kuuzwa, akae peke yake siku 14 kabla ya kuchangamana na wenzake. Tenga lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Aliyetoka mnadani abadili viatu kabla ya kuingia bandani.

Hatua ya pili ni pale habari ya mafua inaposikika katika nchi jirani. Hapo bata wafungwe, kuku watembee ndani ya ua wa mafito au wavu karibu na nyumba, na ununuzi wa kuku wa mbali usimame.

Hatua ya tatu ni pale Serikali inapotangaza kuwa maradhi yamo katika wilaya. Hapo hapana kutembea tena. Kuku wote ndani, nasi tumfuate kuku kwa chakula kama bibi zetu walivyomfuata ng'ombe kwa majani: mabaki ya jikoni, mboga, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, mchwa waliotegwa kwa chungu na samadi. Ufundi wa kufugia ndani si mgeni mlimani. Umehama tu kutoka zizini kwenda bandani.

Na katika hatua zote, vifo vya ghafla vitangazwe siku ile ile kwa mjumbe wa Chama na kwa afisa mifugo wa kata. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 yataka hivyo. Asichinjwe aliye mgonjwa, asinyonyolewe aliyekufa. Binadamu hupata maradhi haya kwa nadra, lakini mara nyingi hupatwa akiwa katika kazi hizo hizo. Mzoga usiende mfongoni wala jalalani, wala usishikwe kwa mkono mtupu.

MIAKA KUMI IJAYO

Hatutaki kuwaficha wanachama jambo gumu lililobaki. Siku kuku watakapouawa kwa amri ili kuzuia mafua, watauawa pamoja wazima na wagonjwa. Mama atakayepoteza kuku wake wote kwa sababu ametoa taarifa, asilipwe kitu, hatatoa taarifa mara ya pili, wala jirani yake hatatoa mara ya kwanza. Penye fidia ya haki watu husema. Penye hofu ya kunyang'anywa watu huficha. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa Chama wafanye mambo mawili katika miaka kumi ijayo: wawekeze akiba ya pumba na mashudu kwa ajili ya siku za kufungia, na waanzishe mfuko mdogo wa kumwinua aliyepoteza kuku kwa ajili ya usalama wa wengine. Tena wazungumze na maofisa wa Wilaya mapema, wakati wa amani, wala si siku ya msiba.

Zamani, mtu aliyemkosea mwenzake hapa mlimani alimpelekea jani la isale, na aliyepelekewa hakuweza kukataa kusamehe. Twapenda desturi hiyo iingie katika ufugaji wetu. Mama ambaye kuku wake wamekufa usiku na abishe kwa jirani asubuhi, aseme wazi, "Kwangu kuna msiba, fungia wako." Asichekwe, asilaumiwe, bali ashukuriwe, kwa kuwa neno lake limeokoa mtaa. Tukifika hapo, kuku wetu watatembea kwa usalama, na kitabu cha miaka ishirini kitakuwa na habari njema zaidi ya hizi.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Ni sisi wenzenu katika ushirika,
Kamati ya Afya ya Kuku,
Majengo, Moshi.